Tuovi Kallunki na Baridi Iliyokataa Kuja

Baada ya kuutumikia ushirika wetu wa wenye misitu na mashamba wa Kortevaara kwa miaka thelathini na sita, Tuovi Kallunki anastaafu rasmi mwisho wa Oktoba mwaka huu. Kusema kweli, alikuwa astaafu Machi. Machi ikafika vinamasi vikiwa bado uji, magogo ya watu yamekwama msituni, naye akasema haondoki kazini na kuwaacha wenzake kwenye matope. Tukasogeza hadi Juni. Juni jalidi, ile baridi ya usiku inayogandisha umande, ikapiga viazi vya nusu ya wilaya asubuhi moja tu, simu zikawa hazikatiki, akasogeza tena. Kamati ya sherehe, ambayo kwa bahati mbaya mimi ndiye katibu wake, imeagiza supu ya samaki mara tatu na kuifuta mara mbili. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa umeshika kijarida hiki na Tuovi ameketi mbele yako, jua tumefaulu. Tafadhali asiruhusiwe kupokea simu.

Tuovi ni mzaliwa wa hapahapa Kortevaara, katika nyumba ya ng'ombe wachache na msitu mwingi, kama wengi wetu. Alikwenda kusini kusomea misitu, na walimu wake walimtaka abaki. Akarudi. Hajawahi kueleza kwa nini, ila dada yake anasema hakuweza kuvumilia watu wanaosifia theluji kwa sababu inapendeza machoni.

Akaajiriwa kuwa mshauri. Ukiisoma kazi hiyo kwenye karatasi ni kitu chepesi. Mshauri humwambia mwenye msitu lini akate miti, lini ayatoe magogo na apande nini baadaye, na humwambia mfugaji lini akate majani na lini apande. Kazi yenyewe hasa ni kubebeshwa lawama za mbingu. Mvua ikinyesha juu ya majani yaliyokatwa jana, kosa ni la Tuovi. Theluji ikiwa nzito na ya majimaji ikavunja vilele vya misonobari, watu wanauliza Tuovi alikuwa wapi. Kuna mzee mmoja, marehemu sasa, ambaye kila upepo ulipoangusha mti kwake alipiga simu ofisini na kusema, bila hata salamu, kwamba umeanguka mwingine. Halafu anakata.

Alipoanza kazi, majira yalikuwa bado na adabu. Ardhi iliganda kwanza, theluji ikaja baadaye, na ilipofika Krismasi kinamasi chochote kiliweza kubeba lori lenye shehena. Hakuna aliyeuliza swali. Miaka ikapita, adabu ikaisha. Siku hizi theluji inawahi kuanguka kabla udongo haujaganda, inakifunika kinamasi kama blanketi, na baridi ikija juu yake haipenyi. Chini linabaki tope la vuguvugu. Januari inanyesha mvua, jambo ambalo babu zetu wangelicheka, na mvua hiyo inaganda juu ya mashamba ikawa kioo, nyasi za malisho zikakosa hewa na kufa chini yake. Kiangazi nacho ama kinachelewa au kinakuja chote kwa wiki moja. Na katikati ya vurugu hiyo kuna meza, kuna simu, na kuna Tuovi.

Nimekaa meza inayotazamana na yake miaka mingi kuliko niliyokaa na mke wangu, na neno nililolisikia zaidi kutoka kwake ni "sijui." Mkulima anauliza kama itaganda kabla ya mwaka mpya. Sijui. Anauliza akate majani Jumanne au asubiri. Sijui, ila atakueleza kitakachotokea ukikata na kitakachotokea usipokata, na uamuzi ni wako. Watu walitoka ofisini kwetu wakiubamiza mlango. Mmoja alimwambia kwamba analipa ada ya uanachama ili apewe jibu. Tuovi akamjibu, "Ukitaka uhakika, kanisa liko ng'ambo ya barabara." Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Kauko Haverinen, alimwomba atafute maneno laini zaidi. Kwa wiki moja akajaribu kusema, "Kwa sasa taarifa zilizopo hazitoshi kutoa kauli." Simu zikawa ndefu mara mbili na watu wakakasirika vilevile. Kauko mwenyewe akamwomba arudi kwenye "sijui."

Hatuwezi kupita bila kutaja friji ya ofisi. Mbawakawa wa magome walipoanza kuonekana huku kwetu, wadudu ambao zamani tuliwasikia kusini tu, Tuovi aliwakusanya kwenye chupa na kuwahifadhi kwenye friji, kando ya maziwa ya kahawa. Tulilalamika. Akasema friji ni ya ushirika na mbawakawa nao, kwa bahati mbaya, sasa ni wa ushirika. Siku ya mkutano mkuu mtu fulani aliziweka chupa hizo karibu na jiko ili apate nafasi ya keki. Wadudu wakazinduka, kizibo kimoja kikawa hakijakazwa, na wajumbe wakala keki wakiipepea kwa ajenda. Siku hiyo wanachama wengi waliwaona mbawakawa hao kwa macho yao kwa mara ya kwanza, na Tuovi anasisitiza kuwa yalikuwa mafunzo bora kuliko yote aliyowahi kuyatoa.

Lakini ukimtaja Tuovi mahali popote hapa wilayani, mazungumzo yatafika tu kwenye msimu wa baridi wa Heimo Pesiö, kwa hiyo bora niuandike jinsi ulivyokuwa.

Heimo ana ng'ombe wa maziwa na msitu ulioko ng'ambo ya kinamasi cha Hanhisuo, juu ya kilima kilichozungukwa na tope pande zote. Mwaka ule, majira ya kuchipua, aliyakuta mashamba yake ya nyasi yamekufa chini ya barafu, akalazimika kununua malisho ya majira yote. Akajipa moyo kwamba msitu upo, utalipia malisho hayo. Vuli ikaja dhoruba, ikailaza chini sehemu kubwa ya misonobari yake mikubwa. Miti iliyoanguka ni lazima itolewe kabla ya joto la kiangazi. Isipotolewa, mbawakawa wanazaliana ndani ya magome yake, halafu wanahamia kwenye iliyosimama. Kuitoa kunahitaji kinamasi kilichoganda. Yaani Heimo alikuwa anangoja kitu kimoja tu, baridi, katika nchi ambayo watu huja kutoka mbali kuishangaa baridi yake. Nayo ikakataa kuja.

Novemba theluji iliwahi. Tuovi na Heimo wakaipita njia ya kinamasini kwa pikipiki za theluji, wakienda na kurudi, wakiishindilia theluji ili ubaridi upenye. Ikaanguka nyingine juu yake. Wakashindilia tena. Desemba ikanyesha mvua. Kulikuwa na njia mbili za kufika kilimani: ya kijito, ambayo ni fupi, na ya kaskazini, ndefu, inayopita kwa jirani yake Arvi Juntti. Januari Heimo aliuliza kuhusu ile ya kaskazini. Tuovi akaenda, akachoma fimbo yake ya chuma ukingoni, ikazama hadi kwenye mpini, akasema njia hiyo isahauliwe kwa mwaka huo. Wakabaki na ya kijito.

Heimo alikuja ofisini karibu kila siku. Hakuwa mtu wa kelele. Aliketi na kofia mkononi, akauliza, akajibiwa, akaondoka. Siku moja hakuondoka.

"Kila siku unaniambia hujui," akasema. "Ng'ombe wangu niwalishe hilo?"

Tuovi alimwambia kwamba akimdanganya leo, kesho atamkuta ndani ya kijito. Heimo akavaa kofia. Nilimwona Tuovi akimfuata kwa macho dirishani hadi gari lilipopotea, kisha akaipiga teke droo ya meza yake, ambayo hadi leo haifungi sawasawa.

Februari, baridi ikaja hatimaye. Ikaja kali, ya kukausha pua, na kila mtu wilayani akapumua. Mashine zikawashwa. Tuovi akaenda kupima njia ya kijito akakuta inabeba vizuri karibu yote, isipokuwa pale maji yanapopita chini. Hapo barafu ilikuwa nyembamba na imeshika theluji ndani yake. Akamwambia Heimo asubiri kidogo tena. Utabiri ulikuwa unasema joto linarudi mwishoni mwa wiki. Mnaweza kupima wenyewe maneno ya aina hiyo yanaingiaje masikioni mwa mtu aliyesubiri tangu Novemba. Kauko, mwenyekiti, naye akaingia kati na kumwambia Tuovi kwamba ushirika hauwezi kumzuia mtu kwa sababu ya mita chache za barafu. Tuovi akajibu kwamba hizo mita chache ndizo atakazozamia.

Asubuhi iliyofuata, kulipokwisha pambazuka, Heimo alifunga tela kwenye trekta yake mwenyewe na kuingia kinamasini. Alifika kilimani salama. Akapakia. Ilikuwa wakati wa kurudi, na uzito wa magogo, ambapo kijito kilifunguka. Sehemu ya mbele ya trekta ikazama, tela ikapinda nyuma yake, na kibanda cha dereva kikaanza kujaa maji meusi.

Saimi, mkewe, aliona kutoka zizini. Alimpigia Arvi kwa sababu ni jirani, na Tuovi kwa sababu ndiye aliyeonya. Tuovi alikuwa tayari njiani kwenda kupima tena, ndiyo maana alifika upesi vile. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Arvi, kwa sababu wale wawili wengine kila mmoja huyasimulia akimfanya mwenziwe mjinga zaidi.

Heimo alikuwa amesimama juu ya kiti, maji yamefika mapajani, dirisha la nyuma limefunguliwa. Angeweza kutoka. Hakutaka. Alikuwa anapapasa ndani ya maji, akijaribu kuzuia injini isizimike. Arvi akailaza ngazi juu ya barafu, Tuovi akajifunga kamba kiunoni na kutambaa juu ya ngazi kwa tumbo.

"Heimo, toka," akasema.

"Bado inaguruma. Mkinivuta kwa nyuma itatoka."

"Hakuna wa kukuvuta kwa nyuma. Toka."

"Bila trekta sina shamba, Tuovi."

"Na Saimi bila wewe ana nini? Hiki chuma hakitakulilia. Toka nje, mpumbavu wee, unitukane ukiwa mkavu."

Arvi anasema hapo hapo injini ikazimika. Ndipo Heimo akatoa mguu dirishani. Alipomshika Tuovi mkono, barafu chini ya ngazi ikaachia, wote wawili wakaingia majini, na Arvi akavuta kamba akiwa amekanyaga kisiki, Saimi nyuma yake. Waliwatoa. Wakawaweka mbele ya jiko la sauna wakiwa wamezungushiwa mablanketi ya farasi. Heimo alipoteza vidole viwili vya mguu kwa baridi ile ile aliyoisubiri majira yote. Tuovi alivunjika kifundo cha mkono, na kwa wiki kadhaa akaandika kwa mkono wa kushoto maandishi ambayo mimi ndiye niliyelazimika kuyasoma.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa rahisi, na Tuovi angekuwa mtu aliyeonya akapuuzwa. Wengi wetu tulishaanza kuisimulia hivyo. Lakini siku mbili baada ya ajali, Arvi Juntti alipitisha magogo yake kwenye njia ya kaskazini, ile ambayo Tuovi alikuwa ameikataa Januari. Ilibeba. Tela imejaa, bila hata ufa. Ile baridi ya Februari ilikuwa imeigandisha yote, maana kule hakuna maji yanayopita chini, na hakuna aliyekwenda kuangalia. Habari ilipotufikia, joto likawa limerudi, Heimo hana trekta na anachechemea, na miti yake imebaki kilimani.

Ofisini tulishauriana. Kauko alisema mambo ya njia ya kaskazini yasitajwe, kwa sababu watu wa bima walikuwa tayari wanatafuta mtu wa kumlaumu. Alisema kwa nia njema. Tuovi alimsikiliza hadi mwisho, akachukua koti lake, akaendesha gari kwa mkono mmoja hadi kwa akina Pesiö.

Niliendesha nyuma yake, kwa kuwa sikuamini ule mkono. Saimi alitufungulia. Heimo alikuwa amekaa jikoni, mguu umefungwa na kuwekwa juu ya kigoda. Birika lilikuwa baridi na hakuna aliyeligusa, na katika nyumba ile, ambamo hata mtu wa kusoma mita ya umeme hapiti bila kikombe, hilo lilitosha kutueleza tulivyopokewa.

"Njia ya kaskazini ilibeba," Tuovi akasema, bado amesimama. "Uliniuliza nikaikataa. Baridi ilipokuja nilipaswa kurudi kuipima. Sikurudi. Nilikuwa nimeshikilia ile moja tu."

Heimo akasema, "Kwa hiyo umekuja kuniambia nilikuwa sahihi."

"Kuhusu njia ya kaskazini, ndiyo. Kuhusu njia ya kijito ulikuwa mwendawazimu."

Saimi akaweka birika motoni. Hakuna aliyemwambia aweke. Tulikunywa kahawa, na tulipokuwa tunavaa viatu Heimo aliuliza, bila kumtazama mtu, sasa ile miti itakuwaje. Tuovi akasema ataifikiria. Kwake hiyo ni ahadi kubwa.

Maneno yale yale aliyosema jikoni aliyarudia mkutano mkuu wa Machi, mbele ya wanachama wote, Kauko akiwa ameshika kichwa. Kilichofuata hakikuwa cha kupendeza. Wapo waliosimama kusema kwamba walikuwa wanajua siku zote mshauri wetu habahatishi vizuri. Wapo waliotaka aondolewe. Heimo alinyanyuka kwa fimbo yake na kusema kwamba yeye ndiye aliyezama na yeye ndiye mwenye vidole pungufu, na kama kuna anayetaka kulalamika kwa niaba yake amwombe ruhusa kwanza. Akakaa. Hoja ikafa.

Watu wa bima walikuwa mlima mwingine. Kwa miezi kadhaa Tuovi alibishana nao kwa simu kama kinamasi ni nchi kavu au ni maji. Kama ni nchi kavu, trekta haiwezi kuzama. Kama ni maji, trekta haikupaswa kuwepo. Nilizoea kula chakula changu cha mchana nikimsikiliza akimweleza mtu aliyeko kwenye jengo refu la mjini jinsi kitu kinavyoweza kuwa vyote viwili. Hawakumwelewa. Mwishowe walitoa sehemu, nadhani ili wasimsikie tena.

Miti ilibaki kilimani, na Tuovi akaja na wazo lililotufanya sote tujute kuwa wafanyakazi wa ushirika huu. Mbawakawa hahitaji mti, anahitaji gome. Ukilibandua gome kabla hajataga, mti unabaki hapo chini bila madhara hadi majira mengine ya baridi. Kwa hiyo Mei, theluji ilipoondoka, aliwaita watu waje na patasi ndefu wakabandue magome kwa mikono, mti baada ya mti. Tulivuka kinamasi kwa miguu juu ya mbao. Kauko alikuja na viatu vya mjini na kuacha kimoja njiani, na hadi leo kiko huko. Mbu walikuwa wengi kiasi kwamba ukifungua mdomo kulalamika unawala. Utomvu ulishika nywele, ndevu, mikate. Na kama kawaida ya miaka hii, joto lililopaswa kuja Juni likaja Mei, mbawakawa wakaruka mapema, na tukawa tunashindana nao huku tukiwaona wakitua kwenye miti ambayo hatujaifikia.

Heimo alibandua akiwa ameketi juu ya gogo, kwa kuwa hakuweza kusimama muda mrefu. Tuovi aliketi ncha ya pili ya gogo hilo hilo, mkono wake bado dhaifu. Walikuwa wanabishana siku nzima juu ya namna sahihi ya kushika patasi. Saimi aliwaletea samaki wa kuoka ndani ya mkate na kuwaambia wanyamaze na kula.

Hatukuimaliza. Tulibandua zaidi ya nusu. Kufikia Julai, upande wa kilima ulioelekea kinamasi ukageuka kahawia, misonobari iliyosimama tangu enzi za babu yake Heimo ikawa imekufa imesimama. Upande wa pili ulibaki kijani. Heimo alipanda juu pamoja na Tuovi kuuona mstari pale rangi ilipogawanyika. Tuovi aliniambia baadaye kwamba alitarajia matusi. Heimo aliuliza tu pale palipokufa apande nini, na Tuovi akamwambia apande mchanganyiko, misonobari ya aina mbili na miti ya gome jeupe katikati, ili adui mmoja asimalize vyote. Alipanda. Kulungu wakubwa wakaja wakala ile ya gome jeupe. Akapanda tena, akazungushia wavu, theluji ikauangusha wavu. Nasimulia hili kwa wale wanaodhani ushauri mzuri huleta amani.

Tangu mwaka ule Tuovi alibadili namna ya kazi yetu, na kwa hilo ushirika utamkumbuka hata usipopenda. Kila Septemba anawakusanya wenye misitu na wafugaji na kumlazimisha kila mmoja aseme, mbele ya wenzake, atafanya nini baridi isipokuja. Watu walichukia. Walisema ni kama kuzungumzia mazishi kwenye harusi. Lakini pia alitufundisha kuipima tena kila njia baada ya kila badiliko la hali ya hewa, hata ile tuliyoikataa, na mtu asiingie kinamasini peke yake. Kwenye mashamba aliwahimiza wafugaji wachanganye nyasi, zile tamu na zile ngumu zinazovumilia barafu, na wachimbe mitaro ambayo mvua ya Januari itapitia. Majira ya baridi ya mwaka juzi yalikuwa mabaya kuliko yale ya Heimo. Kinamasi hakikuganda kabisa. Hakuna trekta iliyozama, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa kukosa malisho. Hakuna pia aliyepiga simu kushukuru. Tuovi alikaa karibu na simu siku nzima akiwa amechanganyikiwa, akadhani imekatika.

Nafasi yake inachukuliwa na Inka Soronen, ambaye ameshapigiwa simu na kulaumiwa kwa mvua ya Ijumaa iliyopita. Karibu sana, Inka.

Kuhusu Tuovi mwenyewe, tulidhani atapumzika. Tulichanga tukataka kumpa tiketi ya kwenda mahali pa jua. Akatuambia jua halimwamini na yeye haliamini. Kisha majira ya kuchipua ya mwaka huu tukagundua kwamba amenunua kipande cha ardhi nyuma ya Hanhisuo, kile ambacho hakuna aliyekitaka, chenye mawe upande mmoja na tope upande mwingine, na amekipanda misonobari kwa mikono yake. Heimo Pesiö alimsaidia, akilalamika. Miti hiyo itakuwa tayari kukatwa wakati sote tuliomo ukumbini humu, pamoja na Inka, tutakuwa tumeshazikwa. Nilimuuliza mtu wa umri wake anapanda msonobari kwa hesabu gani, na hali ya hewa ikiwa hivi ilivyo.

"Miche ilikuwa tayari," akasema. "Ningeifanyaje, niiache ife kwenye ndoo?"

Tuovi, wanachama na wafanyakazi wa Kortevaara tunakushukuru kwa miaka yote uliyokataa kutupendeza. Umetuchosha sana, na tumebaki na mashamba yetu na watu wetu. Tunakuombea afya, miguu mikavu na siku nyingi za utulivu. Miche yako tutapita kuiangalia, na usipokuwepo nyumbani, Saimi amesema njia ya kwenda huko inapita mlangoni kwake na kahawa ipo.

Raimo Säkkinen,
kwa niaba ya wenzako wote ofisini